Gari likikugomea safarini: mwongozo kwa anayepita Dodoma na Kanda ya Kati

Desemba ikifika, barabara ya Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma hadi Singida hujaa magari madogo yaliyopakia kuliko siku zote. Watoto nyuma, mabegi kwenye buti, gunia la mchele juu ya keria, na dereva ambaye mwaka mzima gari lake amelizoesha kwenda kazini na kurudi. Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 450. Anayeendelea Mwanza akifika Dodoma hajamaliza hata nusu ya safari. Na ukishaipita Gairo, gereji za maana zinaanza kuwa mbalimbali, vivuli vinapungua, na jua la saa saba mchana halina huruma kwa injini wala kwa mtoto mchanga.

Kabla ya hatua zote, shika jambo hili moja. Gari kwa kawaida huonya kabla ya kufa. Linaloliua ni zile kilomita kumi au ishirini ambazo dereva anaongeza baada ya kuona dalili, akijipa moyo kwamba atafika mji wa mbele. Hozi ya elfu chache inageuka kuwa injini nzima. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unalenga kukusaidia usimame mapema na usimame mahali salama.

Wiki moja kabla

Lipeleke gari kwa fundi wako wiki moja kabla ya safari, usingoje jioni ya kuamkia safari. Kifaa kilichofungwa leo kinahitaji siku mbili tatu za mizunguko ya mjini, ili kama klipu haikukazwa au sili inavuja, ijulikane ukiwa karibu na nyumbani. Nimeona watu wengi wakikesha gereji, wanatoka alfajiri na gari "jipya", kisha wanakwama Dumila kwa kosa lilelile lililofanyika usiku.

Mwambie akague rejeta na hozi zake, mkanda wa feni, breki za mbele na nyuma, betri, na oili. Tairi zikague mwenyewe. Tafuta namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na bado likawa limezeeka, mpira umekauka na kupasuka vimistari ubavuni. Hilo usilipeleke Singida katika joto, limebeba watu watano na mizigo. Upepo ujazwe asubuhi tairi zikiwa za baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kumbuka na spea. Spea ile nyembamba inayokuja na magari mengi kutoka Japani inataka upepo mwingi, PSI 60, na haitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Magari mengine hayana spea kabisa. Kuna pampu ndogo na chupa ya dawa tu. Fungua buti uhakikishe leo.

Vitu vya kubeba: jeki, spana ya magurudumu, kipande cha ubao wa kuweka chini ya jeki, spana namba 10, 12 na 14 (kwenye Toyota nyingi hizo tatu zinafungua karibu kila kitu cha juu juu), bisibisi, klipu za hozi, ukanda wa mpira wa tyubu, fyuzi za akiba, waya wa kubustia betri, tochi, pembetatu mbili za kuakisi mwanga, mtungi wa kuzimia moto, lita moja ya oili, na lita kumi za maji ya gari. Maji ya kunywa ya familia yawe pembeni, yasihesabiwe humo. Beba pia fedha taslimu kiasi. Pesa ya simu haisaidii pale ambapo mtandao haushiki.

Kuhusu maji ya rejeta nina neno la ziada, maana huku kwetu ni tatizo la kweli. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi. Ukiyatumia kwenye rejeta miezi na miezi yanaacha magamba meupe ndani ya mirija, joto linashindwa kutoka, na mtu anashangaa kwa nini gari lake linachemsha wakati "maji yamejaa". Weka kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini. Kama ni ya kuchanganya, ichanganye na maji yaliyochujwa chumvi, yale ya kuongezea betri (si asidi yake). Maji ya kisima ni ya dharura tu.

Zijue sehemu zinazolichosha gari

Ukitoka Dumila kwenda Gairo barabara inapanda, na gari lililobeba linaanza kutafuta pumzi. Ukishafika Kibaigwa kuna malori ya mahindi yanayoingia na kutoka sokoni, kwa hiyo punguza mwendo. Kutoka Dodoma kwenda Singida unapita Bahi na Kintinku kwenye tambarare, halafu unaukuta mlima Saranda kabla ya Manyoni. Anayeelekea Nzega na Mwanza atateremka Sekenke karibu na Shelui, mteremko ambao umechukua roho za watu wengi. Njia ya Iringa inapita Fufu na Mtera, ina vijiji vichache na mlima Nyang'oro mbele yake. Ya Babati ina milima baada ya Kondoa, kuelekea Kolo na Bereko.

Fundi mwenye vifaa utampata Morogoro, Dodoma, Manyoni na Singida. Gairo na Kibaigwa kazi ndogondogo zinafanyika. Kwa hiyo kabla hujaiacha Dodoma, jiulize: kuna mlio mpya? Kuna harufu? Kama ipo, malizana nayo hapo hapo. Kwenda kulala nyumba ya wageni na kuondoka kesho ni nafuu kuliko kukokotwa kutoka Mtera.

Ukiona dalili, chagua pa kusimama

Washa indiketa, punguza mwendo, tafuta sehemu iliyonyooka, pana, ambapo gari lote linatoka kwenye lami. Kona na kilele cha mlima ni mahali pabaya kabisa. Ukikwama karibu na kona, pembetatu iwekwe kabla ya kona. Fanya hesabu: lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 kila sekunde. Pembetatu uliyoiweka mita 50 nyuma inampa dereva sekunde mbili na kidogo tu. Iweke mita 100 au zaidi, na nyingine upande wa mbele. Huna? Kata matawi mabichi uyapange kama ilivyo desturi, lakini ukiondoka yaondoe, pamoja na mawe uliyozuilia magurudumu. Jiwe lililoachwa barabarani usiku linamsubiri mwenye bodaboda.

Abiria wote washuke upande wa kushoto, wakae mbali na barabara, wasiwe mbele ya gari wala nyuma yake. Watoto wasichezee kwenye kivuli cha gari.

Gari likichemsha

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndilo tatizo la safari ndefu kuliko yote, na ndilo linalogharimu zaidi likikosewa.

Magari mengi madogo, Vitz na Passo kwa mfano, hayana mshale wa joto. Yana taa ya buluu injini ikiwa ya baridi, na nyekundu ikishachemka. Ukiona nyekundu, ujue umeshachelewa kidogo, huna muda wa kujadili. Wenye mshale: ukivuka katikati na kuendelea kupanda, hiyo ni dalili tosha.

1. Zima AC. Fungua vioo. Washa hita hadi mwisho wa joto na feni yake kwa nguvu zote. Mtateseka kwa joto ndani, lakini hita inachukua joto la injini na kulitoa nje, na mara nyingi inakuvusha hadi mahali salama pa kusimama.

2. Simama. Kama kuna moshi wa mvuke au taa nyekundu inawaka, zima injini mara moja. Kama mshale ulipanda mlimani tu na sasa unashuka, liache liungurume taratibu dakika chache huku feni ikifanya kazi, kisha uzime.

3. Usifungue mfuniko wa rejeta. Usimwagie injini maji ya baridi. Maji ya rejeta yako chini ya shinikizo na yana joto zaidi ya nyuzi 100. Ukifungua yanaruka usoni. Na chuma cha moto kikimwagiwa maji ya baridi kinaweza kupasuka. Fungua boneti ukishaona mvuke umepungua, usubiri nusu saa, ikibidi saa nzima. Watu watasimama na kukuambia "mwagia tu maji, braza". Washukuru, usubiri.

4. Wakati unasubiri, tazama. Mkanda wa feni upo? Chini ya gari panadondoka nini, na kutoka wapi? Uso wa rejeta umezibwa na vumbi na mbegu za nyasi? Gari likiwa la feni ya umeme, angalia fyuzi yake. Rilei ya feni (swichi ndogo ya umeme inayochomekwa) mara nyingi inafanana na ya honi. Kama namba zilizoandikwa juu yake ni zilezile, zibadilishane. Ukikosa honi kwa muda hutadhurika, ukikosa feni utaunguza injini.

5. Bonyeza hozi ya juu ukiwa umeifunika kwa kitambaa. Ikiwa bado ngumu, shinikizo lipo, endelea kungoja. Ikilegea, weka kitambaa kinene juu ya mfuniko, zungusha robo tu, uache upumue mpaka sauti ya "ssss" iishe, ndipo uukandamize na kuufungua. Kichwa kikae pembeni, kisiwe juu yake.

6. Ongeza maji kidogo kidogo huku injini ikiunguruma. Yanayoingia yaone yanakaa au yanatokea mahali.

Hozi ikipasuka karibu na ncha yake, ikate pale, irudishe na uikaze kwa klipu. Ikipasuka katikati, ikaushe, ifunge kwa ukanda wa mpira wa tyubu, mizunguko mingi ya kuvuta, na klipu mbili juu yake. Mfuniko wa rejeta ufunge kwa hatua ya kwanza tu usikazike, ili shinikizo lisijenge. Lakini hapo kumbuka kwamba Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na shinikizo yanachemka huku kwenye nyuzi kama 96. Kwa hiyo nenda kilomita 50 kwa saa, bila AC, simama kila baada ya kilomita kumi hivi uangalie maji, na uishie kwa fundi wa kwanza anayeaminika.

Sasa kipimo kikubwa. Chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Au ukiwasha injini rejeta linatoa mapovu mfululizo, au moshi mweupe mzito hauishi nyuma. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Safari ya gari hilo imeishia hapo, na usidanganyike kuliongezea maji hadi Manyoni. Litafutie gari la kulivuta.

Pancha na tairi kupasuka

Tairi likipasuka ukiwa mwendoni, shika usukani kwa nguvu, acha kukanyaga mafuta, usikanyage breki kwa ghafla. Liache gari lijipunguze lenyewe ndipo ulitoe pembeni. Wengi wanaopinduka hupinduka kwa sababu ya breki na usukani uliokatwa ghafla.

Kubadilisha: breki ya mkono, gia kwenye P au namba moja, mawe kwenye gurudumu la upande wa pili. Legeza nati gari likiwa bado chini, kisha ndipo upige jeki. Udongo wa pembeni ya barabara zetu ni mchanga, jeki huzama, kwa hiyo ubao ule unahitajika. Spea ilaze chini ya bodi karibu na jeki wakati unafanya kazi, ili jeki likiteleza gari liangukie tairi na si mkono wako. Nati zikazwe kwa kuvuka, ya juu, ya chini, ya kulia, ya kushoto. Rudia kuzikaza baada ya kilomita 50. Kama nati moja ina kichwa cha ajabu, kuna ufunguo wake, na mara nyingi umetupwa kwenye kijisanduku cha mbele.

Betri na taa yake

Gari likigoma kuwaka, anza na vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani unakata umeme. Legeza, kwangua, kaza. Kubusti: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya iliyo nzima, nyeusi kwenye hasi ya iliyo nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Gari la otomatiki halisukumwi likawaka, msijichoshe.

Taa nyekundu ya betri ikiwaka mkiwa safarini, altaneta haichaji. Usizime injini. Zima AC, redio na feni ya ndani, uelekee mji wa karibu mchana huo huo. Ila tazama joto kwa makini. Kama ni mkanda uliokatika na ndio unaozungusha pia pampu ya maji, injini itachemka ndani ya dakika chache, na hapo hakuna la kufanya ila kusimama.

Mteremko

Teremka na gia uliyopandia. Wenye otomatiki waiweke kwenye 3, 2, L au B kabla ya kuanza kushuka Sekenke, wasisubiri harufu. Asikudanganye mtu kushuka kwa nyutro ili kuokoa mafuta. Mzigo wote unaziangukia breki. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali inazama, shusha gia, tafuta pa kusimama, uziache zipoe zenyewe bila maji, angalau nusu saa. Zikibaki laini baada ya kupoa, gari lisiendeshwe.

Kuongea na fundi wa njiani

Mafundi wa Gairo, Kibaigwa na Manyoni wanaokoa watu kila siku, na wengi ni hodari kuliko vifaa walivyo navyo. Wape heshima yao, lakini kaa karibu na gari lako. Mweleze kilichotokea kwa mpangilio:

"Kaka fundi, habari za kazi. Limepandisha joto pale mlimani, nimelizima mara moja, limepoa saa nzima, nimeongeza maji lita tatu. Naomba kwanza tuone maji yanatokea wapi."

Anaweza kukujibu, "Bosi, hiyo ni gasketi, lazima tufungue." Huna haja ya kubishana naye. Sema tu: "Sawa fundi, nioneshe kinachoonesha ni gasketi." Fundi anayejua kazi atachomoa kijiti cha oili, atakuonesha mapovu, mtakubaliana. Asiye na cha kuonesha, mshukuru, ulipe muda wake, mwite mwingine.

Bei ya kifaa na hela ya ufundi zitajwe mbalimbali kabla spana haijagusa nati. Kifaa cha zamani urudishiwe mkononi. Wengine watakushauri kutoa themostati (valvu inayodhibiti mzunguko wa maji ya kupozea) au kuunganisha feni moja kwa moja na betri. Kama suluhisho la kukufikisha, nakubali, mradi waya wa feni uwe na fyuzi na uukumbuke kuuchomoa ukiegesha, la sivyo asubuhi betri imekufa. Kukaa hivyo mwaka mzima sikubali.

Likishindikana, na usiku umekaribia

Amua kabla ya saa kumi jioni. Familia ipandishwe basi kwenda mji wa karibu, mtu mzima mmoja abaki na gari, simu ikiwa na chaji. Giza likikukuta, ulizia nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji au kituo cha mafuta chenye mlinzi, uombe kuegesha hapo. Kulala ndani ya gari lililo nusu kwenye lami usithubutu. Barabara hizi usiku zina malori na ng'ombe waliopotea zizini. Palipotokea ajali piga 112, moto 114. Kama una bima kubwa, soma mkataba nyumbani kabla ya safari, uone kama gharama za kuvutwa zimo.

Gari la otomatiki lisivutwe kwa kamba mwendo mrefu. Gia boksi nyingi hazipati mafuta injini ikiwa imezimwa, zinajisaga. Liinuliwe magurudumu yanayoendesha, au lipakiwe zima kwenye bredauni, lori la kubebea magari mabovu. Linaloendeshwa na magurudumu yote manne lipakiwe tu. La manyuo (gia za mkono) linavumilia kuvutwa kwa kamba, mwendo mdogo, ufunguo ukiwa umewashwa ili usukani usijifunge, na dereva ajue kwamba breki na usukani vitakuwa vizito sana.

Ukifika salama, mwambie fundi wako kila kitu kilichofanywa njiani. Maji ya kisima uliyoongeza Bahi au Fufu yamwagwe yote, rejeta lisafishwe, kulanti mpya iwekwe kabla hujaanza safari ya kurudi.